Jino lililozibwa kwa madini: libadilishwe au liachwe?

Kwa ufupi

- Kizibo cha madini kilicho kizima, kisichouma wala kupasuka, hakihitaji kutolewa kwa hofu ya zebaki peke yake.
- Zebaki nyingi hutoka wakati wa kukitoa kizibo, si wakati kimetulia jinoni.
- Kizibo kilichopasuka, kilicholegea au chenye uozo chini yake kinahitaji daktari, kiwe cha madini au cheupe.
- Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo na mwenye ugonjwa wa figo wasiwekewe kizibo kipya cha madini ikiwa kuna njia nyingine.
- Usikubali kung'olewa jino zima kwa sababu tu lina madini.

Kila tunapogusa habari za meno kwenye kipindi cha afya, kuna swali ambalo halikosi: "Jino langu lilizibwa kwa madini miaka mingi iliyopita. Sasa nasikia yale madini yana zebaki na zebaki ni sumu. Nikayatoe?" Wengine wameona video iliyosambazwa kwenye simu. Wengine wameambiwa na jirani kwamba uchovu wao, kichwa kuuma au kusahausahau kunatoka kwenye jino. Na wapo waliokwisha kuamua kwamba wakipata nauli ya kwenda mjini, watang'oa jino lote waondokane na mashaka.

Swali ni la haki na linahitaji jibu kamili. Kosa la upande mmoja linaweza kukugharimu jino zuri na fedha za shamba. Kosa la upande mwingine linaweza kukufanya upuuze jino linaloharibika. Twende hatua kwa hatua.

Madini yenyewe ni nini?

Kizibo kile cha rangi ya fedha, ambacho baada ya miaka hugeuka kijivu au cheusi, kinaitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba.

Zebaki ni madini ambayo ni maji hata bila kupashwa moto. Ikichanganywa na unga wa madini mengine, inakuwa laini kama udongo wa mfinyanzi. Daktari anaushindilia kwenye tundu la jino, na baada ya saa kadhaa unakuwa mgumu kama chuma. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua tabia hiyo, kwa sababu ndiyo inayofanya zebaki ikamate vumbi la dhahabu kwenye karai.

Amalgamu imetumika duniani kwa zaidi ya miaka 150. Ilipendwa kwa sababu zinazoeleweka: ni ya bei nafuu, haichukui muda mrefu kuwekwa, haisumbuliwi sana na mate, haihitaji taa ya umeme ya kuikausha, na inahimili kazi nzito ya magego. Kwa hospitali zetu za wilaya hizo zilikuwa sifa kubwa. Ndiyo maana watu wazima wengi waliobahatika kuzibwa jino badala ya kung'olewa wanayo mpaka leo.

Je, zebaki inatoka jinoni?

Ndiyo, inatoka, lakini kidogo sana. Unapotafuna, unapokunywa chai ya moto au unaposaga meno usiku, mvuke kidogo wa zebaki hutoka juu ya kizibo. Unauvuta kwa pumzi, unaingia kwenye damu, na figo huutoa kwa njia ya mkojo. Inachukua takriban miezi miwili mwili kupunguza nusu ya kiasi kilichoingia.

Kiasi hicho hupimwa kwa maikrogramu. Chukua robo ya kijiko cha chai cha sukari, ambayo ni kama gramu moja. Igawe mafungu milioni moja. Fungu moja ndilo maikrogramu. Mtu mwenye vizibo kadhaa vya madini kwa kawaida hupata maikrogramu chache kwa siku. Mwenye vizibo vingi, au anayetafuna bigijii kutwa nzima, hupata zaidi kuliko mwenye kimoja.

Hapa kuna jambo ambalo video nyingi hulichanganya. Zebaki ina sura zaidi ya moja. Ile iliyowaua na kuwalemaza watu wa mji wa Minamata nchini Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, haikutoka kwenye meno. Ilikuwa zebaki ya aina nyingine, iliyomwagwa baharini na kiwanda, ikaingia kwenye samaki, na watu wakala samaki hao siku baada ya siku. Jina la zebaki ni moja, lakini aina yake, njia ya kuingia mwilini na kiasi chake ni tofauti kabisa.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2006 zilitolewa tafiti mbili kubwa zilizofanywa kwa watoto. Moja ilifanyika Marekani kwa watoto 534 wa miaka 6 hadi 10. Nyingine ilifanyika Lisbon, Ureno, kwa watoto 507 wa miaka 8 hadi 10. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likazibwa magego kwa madini, lingine kwa vizibo vyeupe. Wale wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka 5, wa Lisbon kwa miaka 7.

Waliozibwa kwa madini walikuwa na zebaki nyingi zaidi kwenye mkojo. Hilo lilitarajiwa. Lakini walipopimwa akili, kumbukumbu na mishipa ya fahamu, hawakuonekana kuwa na madhara kuliko wenzao.

Utafiti mwingine uliotolewa Ujerumani mwaka 2008 unalijibu swali letu moja kwa moja. Ulihusisha watu wazima 90 walioamini kwamba vizibo vyao vya madini vinawaumiza. Kundi la kwanza lilitolewa vizibo. La pili lilitolewa vizibo na kupewa tiba ya ziada ya "kusafisha mwili". La tatu halikuguswa meno. Lilifundishwa namna ya kuishi kwa afya zaidi. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote matatu yalikuwa na nafuu, na tofauti kati yao haikuwa kubwa kiasi cha kusema kwamba kutoa vizibo ndiko kulikowaponya. Zebaki mwilini ilipungua kwa waliotolewa, lakini hata wasiotolewa walipata nafuu.

Hatusemi kwamba maumivu ya watu hao yalikuwa ya kubuni. Tunasema kwamba huenda chanzo hakikuwa jinoni. Kwetu hapa, uchovu usioisha, kizunguzungu au kichwa kuuma vina sababu nyingi za kuchunguzwa kwanza: upungufu wa damu, malaria, shinikizo la damu, kisukari, macho, msongo wa mawazo. Mtu akiamini kwamba tatizo ni jino, anaweza kukaa mwaka mzima akidunduliza fedha za kulitoa huku kisukari kikiendelea kumla.

Mbona nchi nyingine zimeipiga marufuku?

Norway iliacha kuitumia mwaka 2008. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliizuia kuanzia Januari 1, 2025, isipokuwa pale daktari anapoona mgonjwa anaihitaji kwa sababu za kitabibu. Upo pia Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la ule mji wa Japani. Ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Novemba 2025, nchi wanachama zilipokutana Geneva, zilikubaliana kuikomesha amalgamu ifikapo mwaka 2034.

Msikilizaji akisikia hivyo husema, "Basi ni sumu, kwa nini nibaki nayo?" Jibu liko kwenye sababu ya makatazo hayo. Shabaha yake kubwa ni mazingira. Zebaki inayobaki kliniki, inayomwagwa kwenye mifereji au kuchomwa pamoja na taka, haipotei. Inaingia hewani na kwenye maji, vijidudu vinaigeuza kuwa aina ile mbaya ya Minamata, na inarudi kwetu kwa njia ya samaki. Kuacha kuweka vizibo vipya kunaufunga mlango huo.

Makatazo hayo hayakuwaagiza watu watoe vizibo walivyonavyo. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitaja makundi ambayo ni bora yasiwekewe amalgamu mpya, lakini katika tamko hilohilo ikasema haishauri kutoa vizibo vilivyo katika hali nzuri, ila kama kuna sababu ya kitabibu. Kuacha kuweka vipya ni jambo moja, kung'oa vya zamani ni jambo lingine.

Hasara za kukitoa kizibo kizima

Ya kwanza ni mvuke. Kizibo kilichotulia hutoa mvuke kidogo. Kikichimbwa kwa mashine, kinapata joto na kusagika kuwa vumbi, na kwa dakika hizo wewe na daktari mnaweza kuvuta zebaki nyingi kuliko ile ya siku ya kawaida. Ni ongezeko la muda, na linapungua sana daktari akiwa na vifaa na kufuata utaratibu. Lakini si jambo la kulitafuta bila sababu.

Ya pili ni jino lenyewe. Kila kizibo kinapotolewa, kipande kidogo cha jino zima huondoka nacho. Tundu jipya linakuwa kubwa kuliko la kwanza. Kizibo kikubwa huchoka mapema, nacho kitabadilishwa, na tundu litaongezeka tena. Baada ya mizunguko kadhaa, ukuta wa jino unakuwa mwembamba na kupasuka, au uozo unafika kwenye mshipa. Hapo ni kutibu mzizi au kung'oa. Kwa mtu anayeishi mbali na kliniki yenye vifaa vya kutibu mzizi, mara nyingi mwisho wake ni kung'oa.

Ya tatu ni gharama: nauli, siku za kazi zilizopotea, malipo ya kutoa na ya kuziba upya. Kabla ya kusafiri, uliza kama bima yako inalipia kubadilisha kizibo ambacho hakijaharibika.

Wakati gani kibadilishwe?

Nenda ukaonane na daktari au tabibu wa meno, usisubiri, ukiona mojawapo ya haya:

- Kizibo kimepasuka, kimelegea, au kipande kimedondoka.
- Kuna mwanya kati ya kizibo na jino, na chakula kinanasa hapo kila ukila.
- Jino linauma ukitafuna, au linauma lenyewe usiku.
- Maumivu ya baridi au moto yanakaa muda mrefu hata baada ya kumeza.
- Fizi ya jino hilo imevimba au inatoa usaha.
- Shavu au ulimi, mahali panapogusana na kizibo, una mistari meupe kama utando, au wekundu na vidonda visivyopona.

Hilo la mwisho ndilo lenye uhusiano wa kweli na madini. Watu wachache mwili wao hauelewani na amalgamu na hupata mzio mdomoni, hasa pale inapogusa nyama. Daktari akithibitisha, kubadilisha kizibo ni matibabu sahihi, na mara nyingi vidonda hupungua au kuisha. Lakini utando mweupe mdomoni una sababu nyingine pia, zikiwamo za tumbaku na baadhi ya dalili za awali za saratani. Kwa hiyo aanze kuutazama mtaalamu kabla hujaamua wewe.

Rangi nyeusi ya kizibo, au kivuli cha kijivu kwenye jino, si ushahidi wa kuoza. Madini hugeuka rangi kama sufuria inavyogeuka. Kama kinakukera unapocheka, ni haki yako kukibadilisha kwa ajili ya mwonekano, ilimradi unajua kwamba unalipia mwonekano na kwamba utapoteza sehemu ndogo ya jino.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwenye meno ya utotoni, kwa watoto walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale mtaalamu anapoona hakuna budi kwa hali ya mgonjwa. Tamko lile la Marekani la 2020 linaongeza wanawake wanaotarajia kupata mimba, wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu, wenye matatizo ya figo na wenye mzio wa zebaki.

Mama mjamzito mwenye kizibo cha zamani kilicho salama akiache hadi ajifungue na amalize kunyonyesha. Asikitoe kwa sababu ya hofu, maana kutoa ndiko kunakoongeza mvuke. Lakini jino linalouma au lenye usaha litibiwe hata akiwa na ujauzito. Maambukizi yanayoachwa yaendelee ni hatari kubwa zaidi kwake na kwa mtoto. Amweleze daktari kwamba ni mjamzito na ujauzito una miezi mingapi, aombe kizibo kisicho na zebaki. Na mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Kizibo si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa.

Ukibadilisha, utaziba kwa nini?

Kuna aina mbili utakazosikia zaidi.

*Resini nyeupe.* Hii inafanana na rangi ya jino na inakaushwa kwa taa maalumu ya buluu. Inapendeza, na daktari anaweza kuchimba kidogo kuliko akitumia madini. Ila inahitaji jino likavu kabisa wakati wa kuweka, umeme, muda zaidi na fedha zaidi. Tafiti zilizolinganisha zimeonyesha kwamba kwenye magego vizibo vya resini huharibika mara nyingi zaidi kuliko vya madini, hasa kwa uozo kurudi pembeni yake. Usafi wa mdomo unahesabika zaidi hapa.

*Simiti ya meno.* Wataalamu huiita glasi ayonoma. Inashikamana na jino, inatoa floridi inayosaidia kuzuia uozo, na haihitaji taa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Udhaifu wake ni kwamba kwenye tundu kubwa la gego inalika mapema kuliko madini au resini.

Simiti hii ina historia hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme: daktari anakwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, kisha anajaza tundu kwa simiti, mara nyingi hata bila sindano ya ganzi. Njia hiyo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Kwa hiyo ukiambiwa kwenye kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika kwamba unaweza kuzibwa kwa vifaa vya mkono, usidhani unapewa huduma ya kimaskini. Kwa tundu dogo na kwa meno ya watoto ni matibabu yanayokubalika.

Kwa watoto ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floridi, inayopakwa kwenye tundu ili kusimamisha uozo. Haina zebaki. Huacha alama nyeusi kwenye sehemu iliyooza, kwa hiyo mzazi usishtuke.

Maswali ya kumuuliza daktari

Andika haya kwenye simu yako kabla ya kwenda:

1. Kizibo changu kina tatizo gani hasa? Unaweza kunionyesha kwa kioo au kwa picha ya eksirei?
2. Nikikiacha, nini kinaweza kutokea ndani ya mwaka mmoja?
3. Je, kinaweza kurekebishwa sehemu iliyoharibika bila kutolewa chote?
4. Ukikitoa, jino litabaki na nguvu ya kutosha?
5. Utatumia nini badala yake, na gharama yote ni kiasi gani?
6. Utanikinga vipi na vumbi na mvuke?

Kuhusu swali la mwisho, jibu zuri lina mambo yafuatayo: maji mengi ya kupoza wakati wa kuchimba, mashine ya kunyonya yenye nguvu iliyo karibu na jino, kukata kizibo vipande vikubwa badala ya kukisaga chote, na dirisha wazi au hewa inayopita. Kliniki nyingine hufunika mdomo kwa mpira mwembamba unaoacha jino moja tu nje. Vipande vilivyotolewa vihifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa, visichomwe pamoja na taka wala kumwagwa kwenye sinki.

Kuwa macho na anayekupima kwa kifaa mdomoni mara tu baada ya kukutafunisha kitu, kisha akakuonyesha namba kubwa ya kutisha. Kutafuna kunapandisha mvuke kwa muda mfupi, na namba hiyo haisemi umevuta kiasi gani kwa siku nzima. Kipimo cha mkojo kwenye maabara inayoaminika ndicho kinachoeleza zaidi. Kuwa macho pia na anayeuza dawa ya "kutoa zebaki". Dawa za kweli za kazi hiyo hutolewa hospitalini kwa watu waliothibitika kupata sumu, na zina madhara yake.

Zebaki iliyo karibu nawe zaidi

Kama hofu yako ni zebaki, tazama kwanza machimbo na kipodozi, kisha jino.

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu, kama ya Geita na Chunya, zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Anayechoma na waliomzunguka, wakiwamo watoto, huvuta mvuke mwingi mno kuliko ule unaotoka kwenye jino. Kutetemeka mikono, kusahau, hasira zisizo na sababu na matatizo ya figo ni dalili zinazojulikana kwa waliovuta zebaki kwa muda mrefu. Usichomee ndani ya nyumba wala jikoni, usitumie sufuria ya chakula, waweke mbali watoto na wajawazito, na tumieni kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke. Mwenye dalili hizo aende hospitali na aseme wazi kazi anayofanya.

Nyingine ni mikorogo na baadhi ya sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina zebaki, inayopita kwenye ngozi na kudhuru figo. Tumeshasikia watu wakiuliza kuhusu kizibo kimoja cha jino huku wakipaka mkorogo asubuhi na jioni. Kuacha mkorogo hakuna gharama, na ni hatua ya kwanza yenye maana.

Maswali mafupi ya wasikilizaji

*Nimemeza kipande cha kizibo. Nitakufa?* Hapana. Kipande kigumu hupita tumboni na kutoka kwa njia ya choo. Tumbo hufyonza zebaki ya aina hii kidogo sana. Nenda ukazibwe jino lililobaki wazi.

*Nikiuma karatasi ya bati ya chokoleti, jino linapigwa shoti. Ni sumu inatoka?* Hapana. Madini mawili tofauti yakikutana kwenye mate hutengeneza umeme mdogo, kama betri. Ukiacha kuuma karatasi, unaisha.

*Nina kofia ya chuma jinoni, au meno bandia yenye chuma. Nayo yana zebaki?* Kofia za chuma na fremu za meno bandia hazina zebaki. Huundwa kwa metali kama kromiamu, kobalti au nikeli. Mwenye mzio wa nikeli, ambaye ngozi humwasha akivaa hereni au saa za bei rahisi, amwambie daktari kabla ya kuwekewa.

*Nina vizibo sita vya madini. Nivitoe vyote siku moja?* Kama ni vizima, huna haja ya kuvitoa. Kama kimoja kimeharibika, kibadilishwe hicho. Vingine vitazamwe kila unapochunguzwa meno, na siku kitakapochoka kimoja, omba kizibo kisicho na zebaki.

*Nimeamua sitaki madini mdomoni hata kama ni salama. Nafanya kosa?* Mwili ni wako na uamuzi ni wako. Usiufanye ukiwa mjamzito, usiufanye kwa mtu asiye na vifaa, na usikubali kung'oa jino linaloweza kuzibwa.

Hatua ya kuanzia

Simama mahali penye mwanga, chukua kioo, na utazame jino lako kwa kulinganisha na ile orodha ya dalili hapo juu. Kama hakuna hata moja, endelea kupiga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, punguza soda na vitu vitamu, na mwonyeshe daktari wa meno jino hilo mara nyingine utakapofika hospitali. Kama dalili ipo, panga safari mapema, kwa sababu jino linalozibika mwezi huu huenda mwezi wa sita likawa la kung'oa. Na kama kuna ndugu aliyekwisha amua kung'oa jino kwa sababu ya video, msomee makala hii kabla hajapanda gari.